Mguu wa Shangazi

"Shangazi, Shangazi hasimami."

Jumamosi ile ya mwezi wa sita niliamshwa na maneno hayo, ukungu bado umeifunika Uluguru. Aliyekuwa akiita ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka 11, ametoka Kilosa kuja kula likizo kwetu Kihonda, Morogoro. Shangazi wa kwanza ni mimi. Wa pili ni bata wangu. Wanangu walimpa jina hilo kwa sababu anaingia ndani bila hodi, anachungulia masufuria, kisha anatoka bila kuaga.

Nilimkuta chini ya kichanja cha tangi la maji, amelalia kifua, mguu wa kushoto ameutupa pembeni kama si wake. Aliponiona akataka kuja. Akakita mabawa chini mfano wa mtu anayejiinua kwa magongo, akapiga hatua moja ya mguu wa kulia, akaanguka ubavu. Jana yake jioni alikuwa gengeni anadonoa mabaki ya mchicha na kugombana na mbuzi wa jirani. Yaani usiku mmoja tu.

Watu huwa wanacheka nikisema huyu bata si wa kuliwa. Nilimwatamishia kwa kuku, mayai sita. Kuku amezoea siku 21, bata wetu hawa wa kienyeji wenye uso mwekundu wanataka siku 35, na kuku wa watu akavumilia mpaka mwisho, likaanguliwa yai moja. Huyo mmoja alikua akinifuata mimi kuliko aliyemlalia. Ana miaka miwili sasa, na wateja wa asubuhi wanamsalimia kabla yangu.

Habari ikaenea, na ushauri ukaja bila kuagizwa. Jirani wa mkono wa kulia akasema, "Mama, mchinje angali ana nyama. Ukisubiri utakuta kibudu." Mzee mmoja mteja wangu wa nyanya akasema huo ni upepo mbaya, nimchanganyie mshubiri kwenye maji. Nikamchanganyia. Shangazi akaonja, akatikisa kichwa hadi maji machungu yakanirukia machoni, na hakurudi tena kwenye lile bakuli. Mwingine akanipa vidonge vyake vya diklofenaki alivyobakiza kwenye maumivu ya mgongo, nikate robo. Vidonge hivyo nashukuru niliviweka juu ya kabati kwanza. Nitaeleza kwa nini.

Kosa langu mwenyewe nililifanya saa nne. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza. Kijana wa dukani hakuuliza hata swali moja.

"Kuku amelemaa?"

"Bata."

"Ni yale yale."

Akanipa unga wa antibayotiki wa kuchanganya kwenye maji, siku tano. Nikalipa, nikarudi, nikampa. Sikuwa nimemshika mguu, sikuwa nimetazama unyayo, sijui hata kama amevunjika. Nilitaka tu nionekane nimefanya kitu. Jumapili jioni hali ilikuwa ile ile, ila sasa alikuwa ameacha kula na kinyesi kimegeuka maji. Ndipo nikampigia simu daktari wa mifugo ambaye mteja wangu mmoja humtumia kwa ng'ombe wake. Akasema atapita Jumatatu, na akaniuliza jambo moja tu kwenye simu: "Shingo yake ikoje? Anaishikilia au inalegea?"

Anaishikilia, nikamwambia. Baadaye akanifafanulia sababu ya kuuliza. Bata wakila mzoga uliooza au funza wake, wanaweza kupata sumu ya botulini. Inaanza miguuni, inapanda kwenye mabawa, mwisho shingo inalegea kama kamba, na hapo saa zinahesabika. Bata wangu hushinda mtaroni, kwa hiyo lilikuwa swali la haki.

Alikuja na pikipiki, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaniambia nimpakate Shangazi mapajani, nimfunge kwa kanga mabawa yasipige. Halafu akanifundisha kitu ambacho naona kila mfugaji angekijua angeokoa pesa nyingi za dawa. Hakuanza na mguu mgonjwa. Alianza na mzima. Aliupapasa kuanzia juu, ndani ya manyoya ya paja, akashuka taratibu mpaka kwenye kucha, akaukunja na kuukunjua. Kisha akarudia vile vile upande wa kushoto, na safari hii akatumia mgongo wa mkono kusikiliza joto. "Ukianza na mgonjwa hujui unachotafuta," akasema.

Unyayo ulikuwa safi. Alikuwa anatafuta kidonda chenye kigaga cheusi katikati ya unyayo, maana bata mzito akitembea kwenye zege au changarawe hupata jipu la unyayo, na hilo ndilo huchechemeza bata wengi. Akabana kidogo utando katikati ya vidole, Shangazi akavuta mguu kwa hasira. Vizuri, neva zinafanya kazi. Akafuata mfupa mrefu kwa vidole viwili akisikiliza kama kuna mahali panasagika. Hapakuwapo. Akamgusa tumboni kama kuna yai lililokwama, kwa kuwa yai likikwama ndani linaweza kubana neva na jike akaonekana amepooza miguu. Halikuwapo. Ila alipofika kwenye kile kiungo kinachopinda kwa nyuma, bata akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Kilikuwa kimevimba na kina joto.

"Hapa mnaita goti," daktari akasema. "Sivyo, mama. Hiki ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe lipo huku juu limefichwa na manyoya. Kimeteguka. Kuna mtu kamvuta."

Nikasema hakuna mtu aliyemvuta. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekaa kizingitini akimenya njegere, akaongeza kasi ya kumenya.

Daktari akatazama banda langu, sakafu yake ya saruji, akatazama chombo cha chakula chenye pumba za mahindi na kile cha maji, kile kibakuli kifupi cha vifaranga. Akatikisa kichwa. "Unamfuga bata kama kuku." Nikajitetea kwamba hata aliyemwangua ni kuku. Akacheka, lakini hakulegeza.

Alinieleza kwamba bata anahitaji vitamini B3, wenyewe wanaiita niasini, nyingi zaidi kuliko kuku, na kifaranga wa bata akilelewa kwa chakula cha kuku peke yake miguu inapinda na kulegea. Mahindi nayo, niasini yake imefungwa ndani, mwili hauipati kirahisi. Bata mkubwa anayezunguka mtaani hujitafutia wadudu na majani, kwa hiyo hilo halikuwa ugonjwa wa Shangazi, ila mguu dhaifu ni rahisi kuteguka, na mguu ulioteguka unapona polepole kwa bata anayekula pumba. Dagaa waliosagwa, akasema. Karanga kidogo. Lakini karanga zisiwe na ukungu hata chembe, na pumba vivyo hivyo, kwa sababu bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika haraka sana na sumukuvu. Sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nilinusa debe langu la pumba mbele yake. Lilikuwa na harufu ya gunia lililonyeshewa. Nikalimwaga shimoni siku hiyo hiyo.

Na vile vidonge vya diklofenaki? Nilipomwonyesha, alivitia mfukoni mwake mwenyewe. Akaniambia tumbusi wa India karibu waishe kabisa kwa kula mizoga ya ng'ombe waliokuwa wametibiwa kwa dawa hiyo, figo zao zikafa, mpaka serikali ya huko ikaizuia kwa mifugo mwaka 2006. Dawa ya maumivu ya binadamu usimpe ndege kwa kukisia. Yeye alimpima Shangazi kwa mizani ya kuning'iniza, kilo 2.6, akatoa meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, ya matone kwa kipimo cha uzito huo, siku nne. Ule unga wa antibayotiki akasema tuuache, hapana kidonda wala usaha, na mayai yake tusiyale mpaka muda alionitajia upite.

Kazi kubwa iliyobaki ilikuwa yangu. Bata hajui kupumzika. Kila akisikia mteja anabisha bei anataka kwenda kusikiliza.

Nilimtengea kona ya jikoni kwa nje, upana wa hatua mbili tu, nikatandika gunia chini ili asiteleze, juu yake maranda makavu ya kutosha. Saruji tupu ingemchubua kifua, maana bata asiyesimama analalia mfupa wa kidari saa zote. Maranda yenye unyevu niliyatoa asubuhi na jioni, na hapa sitadanganya, bata mmoja anajua kulowanisha. Chakula na maji niliviweka usawa wa mdomo wake. Maji kwenye sufuria ya kina, azamishe pua zote mbili na kuzisafisha. Kumbe miaka miwili nilimnyima hilo kwa kile kibakuli cha vifaranga.

Dume lake, ambalo watoto wanaliita Shemeji, nililitenga kwa waya. Jike mwenye mguu mbovu akipandwa na dume la kilo nne unarudi mwanzo. Lakini sikulipeleka mbali, kwa kuwa bata akiwa peke yake anasusa hata kula. Walilala kila mmoja upande wake wa waya, migongo ikigusana.

Dawa iliyonishangaza ilikuwa beseni. Lile kubwa la kufulia. Daktari alisema majini uzito unaondoka mguuni na kiungo kinafanya mazoezi bila kubeba mwili. Siku ya tatu baada ya kuanza matone, nikalijaza maji yaliyovunjwa ubaridi, nikamtia, mikono yangu miwili chini ya kifua. Dakika nzima akakaa tu, mguu mbovu umekunjwa. Kisha nikaona chini ya maji ule utando wa vidole unafunguka pole pole kama mwavuli, unasukuma nyuma, unafunga. Tena. Beseni halina mahali pa kwenda, akawa anazunguka mduara, kwa kuwa mguu mzima ulikuwa na nguvu kuliko mwenzake. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, kisha namkausha kwa taulo kuukuu kabla ya kumrudisha, maana Juni yetu ina baridi.

Siku ya sita alikanyagia ncha za vidole. Siku ya tisa akasimama na kujinyoosha bawa, akayumba. Na mduara kwenye beseni ulikuwa unapungua kuwa mduara. Nilianza kuupima mguu kwa mduara huo: siku alipoweza kuogelea moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, nilijua.

Katikati ya hapo akaja mteja kununua jogoo wangu. Nikamtuma mtoto wa kaka yangu akamkamate. Akarudi na jogoo, miguu miwili kiganjani, kichwa chini, kama sote tunavyobeba kuku sokoni na kwenye mabasi. Nikamtazama. Naye akanitazama.

"Ijumaa ulimbeba Shangazi hivyo?"

Kimya. Halafu, "Alikuwa hataki kuingia bandani, Shangazi. Nikamshika mguu. Mmoja tu. Akapapatika."

Sikuwa na ukali wa kumpa. Kwao Kilosa wanafuga kuku, na nani alimwambia kwamba bata habebwi hivyo? Mimi? Nilimwita, nikamtoa Shangazi kwenye maranda, nikamwonyesha: mkono mmoja unapita chini ya tumbo, miguu inakaa kwenye kiganja, mabawa unayabana kwa mkono wa juu ubavuni mwako, kichwa chake kinatazama nyuma ya kwapa. Mwili wa bata mzito, miguu mifupi myembamba, ukimning'iniza kwayo viungo haviwezi. Alifanya mazoezi kwa mto wa kochi kwanza.

Mpaka siku ya 22 nilikuwa nimetumia shilingi 38,000, pamoja na ule unga usio na kazi, kwa bata ambaye Soko la Mawenzi ningempata kwa 25,000. Jirani wa mkono wa kulia amenikumbusha hesabu hiyo mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amesimama gengeni kwangu akimrushia Shangazi vipande vya tango.

Anatembea. Asubuhi za baridi anachechemea hatua kumi za mwanzo, kisha mguu unapata moto. Jioni moja kabla likizo haijaisha alikataa tena kuingia bandani. Kijana akamwendea, akapiga goti, akapitisha mkono chini ya tumbo kama nilivyomfundisha, akamwinua bila hata unyoya kusimama. Walikuwa wamefika mlangoni mwa banda Shangazi alipojisaidia kwenye shati lake jipya la shule, lote, mpaka mfukoni.

"Usimwachie," nikamwambia. "Mshike hivyo hivyo."