Saluni yangu, Jacksonville, na fomu ya DR-405

Wengi wetu tuliofungua saluni au vijiofisi vya kutuma mizigo hapa Jacksonville, Florida, tulisikia sifa moja kabla ya kuhamia: jimbo hili halikati kodi ya mapato ya mtu binafsi. Kweli tupu. Ila kaunti nazo zina kodi zao, na mojawapo, kodi ya vifaa vya biashara, inahesabu hata viti.

Mwenye biashara, hata yule anayesukia watu sebuleni kwake, anatakiwa aorodheshe vifaa anavyofanyia kazi kwenye fomu ya DR-405, kisha aipeleke kwa mthamini wa mali wa kaunti kabla ya tarehe 1 Aprili kupita. Kinachoangaliwa ni vitu ulivyokuwa navyo tarehe 1 Januari.

Kwangu orodha ni hii: viti vya kusukia, vioo, mashine za kukaushia nywele, beseni la kuoshea, televisheni ya ukutani, na kijifriji cha soda. Kila kitu na mwaka ulipokinunua, bei uliyolipa, hali yake, na thamani unayodhani kinayo sasa. Kiti ambacho mhasibu ameshakishusha thamani hadi sifuri vitabuni bado kinaandikwa, maana bado kinakaliwa. Mashine ya kulipia kwa kadi uliyoikodi nayo unaitaja, pamoja na jina la mwenye nayo. Kichekesho kiko kwenye rafu: pakiti za rasta ninazouza hazitozwi, kwa kuwa ni bidhaa za dukani, lakini shampuu ninayomwoshea mteja inaingia kwenye hesabu.

Sasa, dola 25,000 za kwanza za thamani zinasamehewa. Saluni za kwetu nyingi hazifiki hapo, ndiyo maana utasikia watu wakisema, “Sidaiwi kitu, fomu ya nini?” Fomu hiyo ndiyo inayoomba msamaha wenyewe. Usipoipeleka, mthamini anakukadiria kwa anavyoona yeye, msamaha unaupoteza mwaka huo, na juu yake kuna adhabu ya asilimia 25 ya kodi. Ukichelewa, ni asilimia 5 kwa kila mwezi, hadi ifike hiyohiyo 25. Kitu ulichokiacha nje ya orodha kina adhabu yake, asilimia 15.

Aliyefanya biashara Kariakoo anayajua makadirio na majadiliano yake. Mimi naona hapa tumependelewa: wewe ndiye unayetaja namba kwanza, na risiti zako zina sauti. Basi zitunze, hata ile ya kabati la mtumba. Ukishapeleka mara ya kwanza na thamani ikaonekana iko chini ya kiwango, kaunti inakuondolea kazi ya kujaza kila mwaka, mpaka vifaa vikivuka dola 25,000.

Kama Machi imekubana, omba siku 30 za nyongeza, lakini ombi lifike kabla ya Aprili mosi. Wanaodaiwa hupata bili karibu na Novemba, na anayelipa mwezi huohuo hupunguziwa asilimia 4. Na ukifunga biashara au ukiuza vifaa, waandikie ofisi ya mthamini. Wao hawapiti mlangoni kuona kama bado kuna mtu anasuka.