Daftari la mashtaka: mimi, binti yangu na vitabu vitano vya Percy Jackson

Siku ya kwanza

Mradi huu ulianzia kwenye sinki. Binti yangu alikuwa ametumwa kuosha vyombo. Nilipoingia jikoni nikakuta povu linateremka kwenye kabati hadi sakafuni na bomba liko wazi. Mkono wake mmoja umo majini umeshika sahani ileile aliyoanza nayo, wa pili umeinua kitabu juu kisilowe. Hakunisikia. Mpaka nilipofunga bomba ndipo akashtuka.

Nikakichukua kile kitabu, nikakifungua katikati. Miungu ya Wagiriki, watoto wenye panga, mazimwi. Nikatangaza kwamba vitabu vya aina hiyo vimekwisha katika nyumba hii.

"Baba, umekisoma?"

"Sihitaji kukisoma."

"Sasa umekihukumuje?"

Nilinyamaza kidogo, na mtoto akishaona mzazi kanyamaza, hapo hapo anaongeza la pili. Tukaandikiana masharti: nisome vitabu vyote vitano vya mwanzo vya mfululizo huo, nisiruke hata ukurasa, na kila kosa nitakaloliona niliandike pamoja na namba ya ukurasa. Nikimaliza nikiwa bado naviona upuuzi, yeye anaacha. Nikatafuta daftari jembamba, juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MASHTAKA.

(Asiyesoma vitabu hivi na anakusudia kuvisoma aishie hapa. Huko chini nafichua karibu kila kitu.)

Wiki ya kwanza

Shtaka la kwanza halikuchelewa, limo katika sura ya kwanza. Percy, mvulana wa miaka kumi na miwili, anamkata mwalimu wake wa hesabu kwa upanga, mwalimu anageuka vumbi. Niliandika: "Wanafundishwa kuwachukia walimu." Nikapiga mstari chini ya sentensi, nikaridhika sana na nafsi yangu.

Shtaka la pili: miungu mingi, tena yenye tabia mbovu. Inazaa na binadamu halafu inatokomea.

Shtaka la tatu: mhusika mkuu hatulii darasani, hasomi vizuri, na kila mwaka anafukuzwa shule. Mfano gani huu kwa watoto?

Hili la tatu lilianza kunitoka mkononi siku mbili baadaye. Kitabu kinaeleza kwamba herufi zinamruka Percy machoni kwa sababu ubongo wake umetengenezwa kusoma Kigiriki cha kale, na kwamba kutotulia kwake ndiko kunakomweka hai vitani. Binti akaniambia jambo ambalo sikulijua: mwandishi, Rick Riordan, alikuwa mwalimu wa shule, na hadithi hii aliianza kama ngano ya kumsimulia mwanawe wakati wa kulala. Mtoto huyo alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma, na shida ya kutulia. Ngano za Kigiriki za asili zilipomwishia, mwanawe akamwomba atunge mpya. Kitabu cha kwanza kikatoka 2005.

Kumbe ni baba aliyekaa kitandani kwa mwanawe. Shtaka la tatu sikulifuta, ila niliandika pembeni kwa penseli: "litazamwe upya".

Na la kwanza nalo lilikuwa limeingia dosari. Yule mwalimu wa hesabu ni zimwi lililojigeuza mtu, na aliyemrushia Percy kalamu inayogeuka upanga ni mwalimu wake wa Kilatini. Kwa hiyo mwalimu mmoja mbaya, mmoja mzuri. Shuleni kwetu uwiano ulikuwa mbaya zaidi ya huo.

Mama yake Percy

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo daftari lilipoanza kunisaliti.

Sally Jackson anaishi na mwanaume mmoja mchafu aitwaye Gabe. Mlevi, mcheza karata, ananuka, anamchukulia fedha zake na kumdharau mtoto. Kurasa zote za mwanzo nilimlaumu huyu mama. Niliandika shtaka refu kuliko yote, karibu nusu ukurasa, kuhusu mzazi anayemvumilia mtu wa namna ile mbele ya mtoto wake. Kisha ukweli ukatoka: mazimwi huwawinda watoto wa miungu kwa kunusa harufu yao, na harufu ya Gabe ni kali mno kiasi cha kumfunika Percy. Yule mama alimeza dharau miaka yote ile ili mwanawe asinuswe.

Nilifunga kitabu nikabaki nimekishika. Kila mzazi ana Gabe wake: kazi asiyoipenda, bosi wa kumvumilia, maneno ya watu anayoyameza, na mtoto hajui yanamezwa kwa ajili ya nani. Nilichukua rula nikakata shtaka lile mistari miwili, kwa wino.

Baadaye kichwa cha Medusa, zimwi ambalo anayelitazama hugeuka jiwe, kinafika nyumbani kwa Sally kikiwa ndani ya boksi, na muda si mrefu Gabe hayupo tena, bali kuna sanamu ya mawe iliyouzwa. Kama mwendesha mashtaka nilipaswa kuandika. Sikuandika.

Saa saba usiku

Nusu ya pili ya kitabu hicho nilikuwa nimepanga kuimaliza kwa siku nne. Nikaanza saa tatu usiku, sura moja tu kabla ya kulala. Ni sura ya hoteli ya Las Vegas, ile ya Lotus, ambamo Percy na wenzake wanaingia kupumzika na kucheza michezo. Wanadhani wamekaa saa chache. Percy anazungumza na mvulana mmoja humo ndani, anamuuliza huu ni mwaka gani, naye anajibu bila wasiwasi: 1977. Wanapotoka mbio nje wanakuta siku tano zimepita.

Nikacheka, nikainua macho, saa ya ukutani inaonyesha saa saba usiku. Simulizi ya watu waliopotelewa na muda ilikuwa imenipotezea wangu. Asubuhi binti aliniona macho mekundu, akauliza kama nimelala vizuri. Nikamjibu nilikuwa na kazi za ofisi.

Kitabu cha pili, kwa kifupi

Ndicho dhaifu kuliko vyote, na sitabishana na mtu. Safari ya bahari ni ndefu na mahali pengi inakwenda kwa kurukaruka. Kilichoniokoa ni Tyson, jitu lenye jicho moja, ambaye inabainika ni mtoto wa Poseidon, mungu wa bahari, kama Percy, na Percy anamwonea aibu mbele ya wenzake. Aibu ile imeandikwa kwa ukweli. Mengine yanasomeka na kusahaulika.

Chati

Wakati wa kitabu hicho nilianza kuchanganyikiwa nani ni nani, nikaamua kuchora ukoo. Nilichukua kalenda tatu zilizokwisha muda, nikazigeuza upande mweupe, nikazibandika kwa gundi zikawa karatasi moja ndefu, nikaitundika nyuma ya mlango wa stoo ili wageni wasiione. Nilitumia penseli, na ilikuwa busara, kwa sababu upande wa Zeus, mfalme wa miungu, uliniishia nafasi kabla sijafika nusu ya watoto wake. Nikafuta, nikahamishia upande wa pili, nikafuta tena, hadi karatasi ikaanza kutoboka pale jina la Zeus lilipokuwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa Chiron, yule mwalimu wa Kilatini, ambaye kumbe ni nusu mtu nusu farasi na ndiye mlezi wa kambi ya watoto wa miungu. Nilimweka chini ya Poseidon, kwa hesabu yangu kwamba farasi ni wa Poseidon. Binti alipita, akatazama, akachukua penseli bila kusema neno, akachora mstari kutoka kwa Chiron hadi juu kabisa, kwa Kronos, adui mkuu wa miungu. Mwana wa Kronos! Ndugu wa Zeus kwa baba! Papo hapo nikaelewa kwa nini kambi ilimshuku na kumwondoa mti wa ulinzi ulipotiwa sumu. Nilikuwa nimesoma tukio zima nikidhani ni fitina tupu.

Chati hiyo ikaleta kesi nyingine. Annabeth, msichana anayependana na Percy, ni binti wa Athena. Athena ni binti wa Zeus. Poseidon ni kaka yake Zeus, na Zeus ndiye mdogo wao wa mwisho kuzaliwa, kwa hiyo kwa Athena, Poseidon ni baba mkubwa. Percy basi ni mtoto wa baba mkubwa wa Athena, maana yake kaka yake. Nikamwita binti.

"Percy ni mjomba wa Annabeth."

"Baba, jamani."

"Hesabu mwenyewe. Mjomba kabisa, wa kupigiwa hodi."

"Damu ya miungu haihesabiwi hivyo. Shida ni kama mungu mzazi ni mmoja."

"Nani kasema?"

"Wenyewe! Baba, usiniharibie."

Niliandika shtaka. Hadi leo halijafutwa.

Kitabu cha tatu

Hiki nilikisoma nikiwa sebuleni, na niliona kuwa kila nikifungua, binti naye analeta kazi zake za shule anakaa kiti cha mbele yangu. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani anapenda kukaa nami. Halafu nikagundua haandiki. Ananitazama usoni.

"Umefika wapi?" anauliza.

"Jangwani. Kuna vyuma chakavu."

"Aha," anasema, anainamisha kichwa.

Kurasa chache mbele, Bianca, msichana aliyejiunga na msafara juzi tu, anakufa ndani ya jitu la chuma. Amechukua kisanamu kidogo jalalani humo kwa ajili ya mdogo wake wa miaka kumi, kwa kuwa ndicho pekee kilichokosekana katika seti yake ya michezo. Niliweka kitabu magotini. Yeye alikuwa ameshaweka kalamu chini muda mrefu. Hakusema "nilikuambia". Alisema, "Mimi nililia bafuni ili usinisikie."

Nikajiuliza ilikuwa lini hiyo, na mimi nilikuwa wapi.

Filamu

Tulipumzika kidogo tukatazama filamu ya 2010. Dakika kumi tu nilianza kunung'unika. Percy wa kitabuni ana miaka kumi na miwili, huyu ni kijana mkubwa. Kronos hayumo kabisa, na Kronos ndiye mzizi wa fitina yote! Pigano na Ares, mungu wa vita, ufukweni, halipo. Nilisimamisha filamu mara nne kueleza. Mara ya tano binti akaninyang'anya rimoti.

"Baba, unajisikia unavyoongea?"

Sikujibu. Tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Disney+ Desemba 2023 tumeiwekea akiba. Nimeambiwa angalau humo Percy ni mtoto.

Kitabu cha tano

Cha nne kizuri, kina njia za chini ya ardhi zinazojibadilisha zenyewe, na kina kifo cha Pan, mungu wa porini, ambacho nilikipenda, lakini nina haraka ya kufika kwenye mto.

Percy anatakiwa kuoga katika Mto Styx, mto wa kuzimu, ili silaha zisimwingie, kama Achilles, shujaa wa Wagiriki. Kwanza lazima apate baraka ya mama yake. Pili, lazima abaki na sehemu moja ya mwili inayodhurika, na yeye anachagua mgongoni, chini. Niliposoma hapo niliruka kitini.

"Liyongo!"

"Nani?"

Nikamsimulia. Fumo Liyongo, shujaa ambaye hakuna silaha iliyomwua ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo akamwambia mwanawe mwenyewe, kijana aliyekuwa ameshanunuliwa na mfalme kwa ahadi ya kumwoza bintiye. Nikamweleza jinsi alivyochomwa usingizini, akaamka, akachukua upinde akaenda kupiga goti kisimani, akafa hivyo hivyo, na watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Jinsi walivyomwendea mama yake aje ambembeleze, kumbe anambembeleza maiti.

Binti alikuwa ameacha kutafuna kifuniko cha kalamu.

"Mwanawe kabisa? Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

"Hiyo ni mbaya kuliko Luke." Akafikiri. "Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

Luke, kwa asiyejua, ndiye adui, naye ni kijana aliyetupwa na baba yake, mungu Hermes, akakua na hasira hadi akaukodisha mwili wake kwa Kronos. Mwishoni anajichoma mwenyewe kwapani, penye udhaifu wake, kwa kisu cha Annabeth. Miungu inamtaka Percy achague zawadi, hata kutokufa. Anakataa. Anadai kila mungu amtambue mtoto wake kabla hajatimiza miaka kumi na mitatu, ili wasiwepo tena watoto wanaolala sakafuni katika nyumba ya Hermes wakingoja mzazi asiyewajua.

Ukurasa huo niliusoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Nilikuwa peke yangu sebuleni, au nilidhani hivyo.

Hali ya mradi sasa

Mashtaka yaliyoandikwa: kumi na moja. Yaliyofutwa: manane. Yaliyobaki ni uzito wa kitabu cha pili, ujomba wa Percy, na sinki, kwa maana kabati limevimba na mlango wake haufungi tena.

Utenzi wa Liyongo tunausoma Jumapili, beti ishirini ishirini. Yeye ameanza daftari lake. Juu ameandika MASHTAKA, na la kwanza ni kwamba baadhi ya maneno ni magumu makusudi.

Huku nyuma nimegundua kuna mfululizo mwingine unaofuatia huu, vitabu vitano vilivyotoka kati ya 2010 na 2014, na humo miungu ya Kirumi inaingia. Kila mungu ana jina la pili na tabia ya pili. Nimepima mlango wa stoo: nitahitaji kalenda mbili zaidi, gundi, na kifutio kipya.