Bedi la pili

Kazi ya kuongeza bedi la pili pale Sinza, kwenye mfumo wa akwaponiki ambapo maji ya tangi la samaki hulisha mboga zilizopandwa kwenye bedi la kokoto, ilianza na siki. Kokoto zililetwa na Kirikuu, nyeupe zinapendeza macho, na fundi bomba akataka kuzimwaga ndani tumalize mapema. Nikaokota chache, nikazifuta vumbi, nikazidondoshea siki ya kupikia. Zikachemka povu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

Hiyo ni chokaa. Kokoto za matumbawe, kama zinazochimbwa upande wa Kunduchi na Boko, zinafaa kwa ujenzi, lakini ndani ya bedi zinapandisha polepole pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji. Ikishavuka 7.5 mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma: majani machanga yanakuwa njano, mishipa inabaki kijani. Baya zaidi, amonia, taka ya samaki, ambayo perege walikuwa wanaivumilia kwenye pH 6.8 inageuka sumu, na joto la Dar linazidisha.

"Dada, mawe si mawe tu?" fundi aliuliza.

Zikarudi. Zikaja za Lugoba, za kijivu na ngumu. Siki haikutoa hata kipovu. Tukaziosha mpaka maji yakatoka safi, maana vumbi lake huziba pampu.

Bedi lilikuwa sentimita 100 kwa 50, kina 30. Likijaa kokoto na maji linakaribia kilo 300, kwa hiyo lilikaa juu ya tofali kwenye sakafu ya chini, karibu na dirisha. Ghorofani nisingelithubutu.

Hesabu ya maji ndiyo iliyotuchukua muda. Sifoni, bomba linalovuta na kumwaga maji lenyewe bedi likijaa, ikianza kuvuta kwenye sentimita 25, bedi moja linabeba kama lita 50 katikati ya kokoto. Mabedi mawili yakijaa kwa pamoja, lita 100 zinatoka kwenye tangi la samaki la lita 250, na samaki wanabanana chini. Dawa yake ni pipa la lita 200 lililo chini kuliko vyote. Pampu inakaa humo, inapandisha maji kwenye tangi la samaki, yanafurika kwenda kwenye mabedi, kisha yanarudi pipani. Kina cha samaki hakibadiliki. Umeme ukikatika na mabedi yakamwaga yote, pipa lazima liwe na nafasi ya kuyapokea, la sivyo sebule inaogelea.

Pampu tulichukua kubwa kuliko hesabu, kwa sababu namba ya kwenye boksi ni ya maji yasiyopandishwa. Ukiyainua mita moja na nusu, nyingi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu.

Sifoni mpya ilijaa, ikachuruzika, haikuvuta. Maji yalikuwa yanaingia kidogo mno. Fundi akafungua koki kidogo, akaongeza elbo mbili mwishoni mwa bomba la kutolea. Ikavuta kwa mkoromo mmoja.

Theluthi ya kokoto za zamani, zenye tayari bakteria wanaogeuza amonia kuwa chakula cha mimea, tulizihamishia bedi jipya bila kuziosha. Perege hawakuongezwa. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 2014 unataka gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, na wale wale, wakikua, wangeifikia.

Mchicha na mrihani vilipandwa siku hiyo hiyo. Mnanaa ukapewa kopo lake pembeni. Mizizi yake ikiingia kwenye sifoni, kuitoa ni kufukua bedi zima.