Oolong kwa maji ya Mbeya: ninavyoiandaa nyumbani

Oolong ni chai ya China na Taiwan, iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi. Nyingi zinataka maji ya moto sana, na hapa Mbeya joto la maji lina kikomo chake. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Nilipima mwenyewe kwa kipimajoto cha jikoni, birika likiwa linatokota kabisa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisaidia kuliko jingine lolote. Maelekezo mengi ya chai hii yanasema uchemshe maji, kisha uyaache yapoe kidogo. Kwetu huku hakuna haja ya kusubiri. Maji yatoke jikoni moja kwa moja hadi kwenye majani, na hata hizo nyuzi 94 inabidi uzilinde.

Chai zenyewe niliagiza kwa binamu yangu anayefuata bidhaa Guangzhou, China, na kuziuza sokoni Mwanjelwa. Aliniletea aina nne: Tieguanyin ya Anxi na Da Hong Pao ya milima ya Wuyi, zote za jimbo la Fujian, Dancong ya mlima Fenghuang huko Guangdong, na Dong Ding ya Taiwan.

Mmea ni uleule unaolimwa Rungwe, Mufindi na Njombe. Kinachotofautisha ni kazi inayofanyika baada ya kuchuma. Chai yetu nyingi hupitishwa kwenye mashine zinazoponda na kurarua majani hadi yanakuwa punje ndogo zinazotoa rangi papo hapo. Ndiyo inayotufaa kwa maziwa, tangawizi na iliki. Majani ya oolong huanikwa yanyauke, kisha hutikiswa ili kingo zake zichubuke. Hapo hewa inaanza kuyageuza kahawia, kama parachichi lililokatwa, na kabla hayajageuka yote hupashwa moto ili mabadiliko yasimame. Wakiwahi kuyasimamisha, chai inabaki na ukijani na harufu ya maua. Wakichelewa, inakuwa nyekundu zaidi, yenye utamu wa matunda. Wengine huichoma tena baadaye kwa joto la mkaa. Kwa hiyo usionje oolong moja ukadhani umezijua zote.

Sina kile kikombe cha Kichina chenye kifuniko. Natumia bakuli la sukari la kauri, lenye kifuniko chake, linaloingia maji kama mililita 120. Kwanza nalijaza maji yanayochemka na kuyamwaga. Juni na Julai, baridi ya hapa inapokuwa kali, nafanya hivyo mara mbili, maana kauri ya baridi inanyonya joto lote kabla majani hayajalipata. Maji ya kwenye chupa ya chai siyatumii hivihivi. Nayarudisha jikoni yachemke upya kabla ya kila mmimino.

Majani ni gramu 6 hivi. Kwa asiye na mzani, kijiko kitamdanganya. Tieguanyin na Dong Ding zimeviringishwa kama vidonge vizito, hivyo vifunike kitako cha bakuli tu, vikifumuka vitalijaza. Da Hong Pao na Dancong ni majani marefu yaliyosokotwa, mepesi, hayo yafike nusu ya bakuli. Mimina maji, funika, hesabu sekunde 20, kisha mimina chai yote kwenye jagi kupitia chujio. Isibaki hata kidogo, maana ile inayobaki chini inaendelea kukolea na kuharibu mmimino unaofuata. Majani hayohayo yanarudiwa mara sita au saba, nami naongeza sekunde kumi kila mara. Kwangu mmimino wa pili na wa tatu ndio chai yenyewe. Wa kwanza ni harufu zaidi kuliko ladha.

Tieguanyin huja kwenye vipakiti vidogo vilivyonyonywa hewa, kimoja kinatosha kikao kimoja. Inanukia maua waziwazi, na anayekunywa chai ya rangi kila siku anaweza kuiona nyepesi mno. Da Hong Pao ni kinyume chake: nyeusi, imechomwa, inaacha ladha ya jiwe na moshi wa mbali kooni. Hii ndiyo inayoumizwa na mwinuko wetu, kwani ilitaka maji ya moto kuliko tuliyonayo. Naipa sekunde 30 badala ya 20 na kuweka majani kidogo zaidi, na inafunguka vizuri. Dancong inahitaji uangalifu kuliko zote. Harufu yake ni ya matunda yaliyoiva, lakini ikizidi kidogo tu inakuwa chungu hadi ulimi unakauka. Sekunde nane, kumi, basi. Ukiipatia, hakuna inayoifikia.

Dong Ding niliinywa na shangazi yangu wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ambaye amechuma chai kwenye shamba lake tangu sijazaliwa. Alikunywa kikombe cha kwanza bila sukari, akanyamaza, akaomba cha pili. Kisha akavuta bakuli, akachukua fungu moja la majani yaliyolowa na kulitandaza kwenye sahani nyeupe. Kikonyo kizima kilikuwapo, na majani manne yameshikana nacho, mapana, kingo zake zina wekundu, katikati kijani.

"Baba, hawa wamechuma mpaka jani la nne?"

"Ndiyo, shangazi. Oolong inataka jani lililokomaa kidogo."

"Sisi ni majani mawili na kichipukizi. Haya ningeyapeleka kituo cha kununulia majani, ningerudishwa nayo."

Aligeuza lile jani, akapitisha kidole kwenye kingo zake, akasema kazi ya mikono imeonekana. Nilifurahi sana kusikia hivyo kutoka kwake.

Kwa anayeanza, nashauri Dong Ding. Ina uchomaji wa wastani, haiudhi kwa uchungu ukichelewa kumimina, na mtu aliyezoea chai yetu anaielewa haraka. Ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na iliki, mdalasini na kahawa, kwa sababu majani ya chai yanavuta harufu ya chochote kilicho jirani. Masika hapa unyevu ni mwingi, hivyo pakiti ikishafunguliwa usiiache wazi.

Shangazi amekubali kuniachia mistari michache bila kuchuma hadi jani la nne lipanuke. Tutaanika kivulini, tutikise kwenye ungo wake, halafu tukaange kwenye sufuria kavu, tuone jani la Rungwe litatoa nini kwenye lile bakuli la sukari.