Nimeukuta Shengena Nairobi

Safari ya basi toka Same hadi Namanga sina la kusimulia, ila magoti. Siti zimebanana kama dagaa, nauli nayo utadhani tumelala kitandani. Mpakani kijana wa kubadilisha fedha alinibonyezea kikokotoo haraka haraka. Nilipopiga hesabu upya garini, kanipunja shilingi 400 za Kenya. Nairobi nikafika nimenuna.

Shughuli yangu ilikuwa alasiri, nikaingia Makumbusho ya Reli kuua muda. Injini za mvuke zimepangwa uani, juani. Nikapita moja, nyingine, kisha miguu ikagoma. Ubavuni mwa dude jekundu: MOUNT SHENGENA. Mlima wetu wa Upare! Ule ambao mama akiuona umevaa wingu anakimbilia kuanua nguo.

Ni namba 5930, injini ya mvuke ya aina iitwayo Garratt, daraja la 59. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda 34 miaka ya 1950, kila moja tani zaidi ya 250, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Boila iko katikati, injini mbili mbele na nyuma, ili dude lijikunje kwenye kona likipanda na mizigo toka Mombasa.

Kivulini alikaa fundi mstaafu wa reli.

“Shikamoo mzee. Hii inaweza kutembea tena?”

“Marahaba. Umuulize boila.” Akakunja kidole, akagonga hewani. “Unaingia tanurini na nyundo ndogo, unagonga boliti moja moja. Nzima inalia ngi! Iliyokatika inajibu kama debe bovu. Mirija mibovu unaing'oa, unatia mipya. Halafu unajaza maji baridi, unapandisha presha, unatafuta yanapovuja. Moto baadaye kabisa.”

Akanionyesha 5918, Mount Gelai. Hiyo ilifufuliwa, ikavuta tena mabehewa. Gelai nao uko Tanzania, lakini nilishikwa na wivu wa kijinga: kwa nini wao, si sisi?

“Chuma si shida, kijana. Inakunywa mafuta mazito, na maji utaijazia wapi njiani? Na sisi tulioizoea, kila mwezi tunazikana.”

Nikampiga picha Shengena, nikamtumia mama. Jibu lilinikuta Namanga, wakati wa kurudi: “Umefikaje huko?”

Mpaka leo sijui aliniuliza mimi au mlima.