Nilivyoielewa Efeso Siku ya Pili

Jina la Efeso nililijua tangu utotoni, kwa waraka wa Paulo kwa Waefeso na kwa ile ghasia ya wafua fedha inayosimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Hata hivyo, nilipofika huko magharibi mwa Uturuki kwa mara ya kwanza, niliondoka bila kuelewa lolote, na kosa lilikuwa langu. Nilitoka Izmir kwa treni, nikashuka Selçuk adhuhuri, mwezi wa Julai, nikapanda basi dogo hadi lango la chini la magofu, nikajikuta katikati ya makundi ya watalii waliotoka kwenye meli zinazotia nanga Kuşadası. Kivuli hakikuwepo. Nilikuwa nimevaa viatu vya soli laini, na kwenye mteremko wa marumaru niliteleza nikakaa chini mbele ya umati. Nilirudi na picha nyingi za nguzo ambazo sikujua hata moja ilikuwa ya nini.

Jioni ile, nikikanda goti kwa maji moto, niliitandaza ramani kitandani. Magofu niliyoyazoea ni ya Kilwa Kisiwani, ambako bahari iko palepale chini ya Husuni Kubwa, na huhitaji mtu akueleze mji ule uliishi kwa nini. Efeso sikuiona bahari kabisa. Ramani ilinionyesha sababu: udongo uliobebwa na mto ambao Wagiriki waliuita Kaistro uliifukia bandari kidogo kidogo kwa karne nyingi, na leo pwani iko kilomita kadhaa upande wa magharibi. Nami, kwa kupanda kutoka lango la chini, nilikuwa nimeipa bandari mgongo muda wote.

Kesho yake nilikodi teksi hadi lango la juu, nikaingia mara tu lilipofunguliwa, nikiwa na raba, kofia na maji ya kutosha. Karibu na lango hilo yamelundikwa mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyoleta maji mjini, na kila bomba limechongwa mdomo ili liingie ndani ya mwenzake, kama yanavyoungwa mabomba ya plastiki leo. Kutoka hapo barabara inateremka. Niliinama pale nilipoangukia jana nikaona mistari iliyochongwa kwenye mawe ili watu wasiteleze. Nilicheka peke yangu.

Mteremko huo unaishia mbele ya Maktaba ya Celsus, na hapo nilikaa karibu saa nzima. Aquila aliijenga mwanzoni mwa karne ya pili kwa kumbukumbu ya baba yake, Celsus, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Kirumi la Asia na ambaye kaburi lake limo chini ya jengo lenyewe. Uso wa maktaba ulioporomoka kwa tetemeko ulisimamishwa upya na wanaakiolojia wa Austria katika miaka ya 1970. Sanamu nne za wanawake kwenye vidaka vyake, zikiwakilisha hekima, elimu, akili na wema, ni nakala, kwa kuwa zile za asili zimo Vienna. Kwa nyumba za matajiri zilizo mlimani nililipa tiketi nyingine, na sikujuta: chini ya paa la kisasa, mafundi wamepanga mezani maelfu ya vipande vya marumaru, wakitafuta kipi kinaoana na kipi.

Nilimalizia kwenye ukumbi wa wazi wa maonyesho, uliochukua takriban watu 25,000. Humu ndimo umati wa ile ghasia ya Matendo ulimopiga kelele kwa muda wa saa mbili kumtukuza mungu wa kike Artemi, ambaye vihekalu vyake vya fedha viliwapa wafua fedha wale riziki. Hekalu lake lenyewe, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale, limebakiwa na nguzo moja tu, iliyounganishwa kwa vipande kwenye bonde lenye majimaji karibu na Selçuk. Nilipanda safu kadhaa, nikakaa, nikatazama mbele. Barabara pana ya bandari, iliyowahi kuwashwa taa usiku, ilinyooka kwa zaidi ya mita 500 kuelekea magharibi, na pale zilipokuwa zikifungwa meli nikaona matete, mabichi na marefu, yakiinama kwa upepo uliotoka baharini.