Altezza yangu ilikuwa inagoma kona, kumbe tatizo nilifunga mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Mwaka jana nilifunga spoila kubwa, yaani bawa la kukandamizwa na hewa, nyuma kwenye Toyota Altezza yangu, ile ya kusimama juu kabisa, nikajua kazi imeisha. Wapi. Huwa tunapima muda kwenye kipande cha lami kinachofungwa siku hiyo, nje ya mji upande wa Misungwi, sasa kuna kona moja ndefu unaingia na 120 hivi, nakata usukani gari inanyoosha tu, usukani mwepesi kama wa gemu. Kona za taratibu haina shida kabisa. Nikalaumu tairi, nikalaumu shokapu, nikabadilisha upepo wa tairi mara tatu, hela ikaenda.

Kilichonishtua ni kwamba shida inakuja spidi ikipanda tu. Hewa ndo ina tabia hiyo, spidi ikiwa mara mbili nguvu yake inakuwa mara nne, kwa hiyo 60 huisikii, ukifika 120 utaisikia. Na spoila imekaa nyuma ya tairi za nyuma, ikikandamiza mkia pua inanyanyuka, bembea ya ubao ya watoto ndo hivyo hivyo. Mi nilikuwa napunguza uzito wa mbele kwa hela yangu mwenyewe!

Nikaenda kwa mzee mmoja anaunda mitumbwi karibu na Mwaloni Kirumba. Shikamoo mzee, nataka plaiwudi isiyokunywa maji, nikamchorea ulimi, ule ubao bapa wa kufunga chini ya bampa la mbele ili hewa ikandamize na pua pia. Marahaba, akaangalia weeee, akauliza huu mtumbwi gani umekaa kama koleo. Akanikatia ulimi wa unene wa milimita 12, unatokeza mbele ya bampa sentimita 7. Hewa ikigonga bampa inajazana pale na kukandamiza ulimi kwa juu, ile inayopita chini inakimbia na presha yake inashuka, basi pua inavutwa chini. Hewa ya chini ya gari sio mchezo, timu ya Lotus walichukua ubingwa wa mbio za magari za F1 1978 kwa kuitumia hiyo.

Kosa langu nikaufunga kwenye plastiki ya bampa. Raundi mbili tu klipu zikakatika, bampa limevutwa chini limelegea kama mdomo wa sangara. Nilikasirika ila moyoni nikasema ahaa, kumbe nguvu ipo kweli. Fundi akachomelea vyuma viwili kutoka kwenye chesesi, ndo ukatulia.

Pua sasa ikashika, shika haswa, mpaka mkia ukaanza kutoroka kwenye ile ile kona, nusura niingie kwenye mahindi ya watu. Nikapunguza ulimi hadi sentimita 5, nikalaza spoila kidogo, gari ikakaa sawa na usukani ukawa na uzito. Muda ulishuka sekunde moja na ushee, kwangu mi nyingi hizo. Halafu tamaa ikanituma nizibe matundu ya bampa kwa tepu ili hewa isiingie ndani, mchana wa jua la huku mshale wa temprecha ukapanda nikaibandua tepu yote mbele ya redieta hapo hapo barabarani.

Narudi mjini, tuta la kwanza tu likala kona ya kulia ya ulimi. Siku hizi natembea na spana namba 13, tukimaliza mbio nafungua boliti nne natupia ulimi kwenye buti.